Mama Mwangwi na Mstari wa Mita Saba

Ndugu, jamaa, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, na ninyi wageni mliokaa viti vya mbele vyenye mikono, familia inaomba utulivu wenu, simu zizimwe, na mwenye haraka aondoke sasa kuliko kutukatiza katikati. Karatasi hii inasomwa na mdogo wake marehemu, kitinda mimba, fundi cherehani kwa kazi yake, ambaye hakuzoea kusimama mbele za watu, lakini amepewa agizo na marehemu mwenyewe, kwa maandishi, tarehe 2 Mei mwaka huu, agizo la mistari mitatu tu, kwamba asiandikwe kuwa alikuwa mpole, asiandikwe kuwa alipendwa na wote, na asipakwe asali. Familia imetii. Tukisema jambo jema juu yake ni kwa sababu lilitokea, na tukisema jambo baya juu ya mtu mwingine, hali kadhalika.

Marehemu alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1957, katika chumba kimoja cha nyumba za wafanyakazi nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, mama yetu akiwa mfua mashuka wa hospitali na baba yetu akiwa mgonga magurudumu, yaani yule mtu anayetembea kando ya mabehewa na nyundo ya mpini mrefu, anagonga gurudumu moja moja na kusikiliza, kwa kuwa gurudumu zima hulia na lenye ufa huguna. Marehemu alimfuata baba kazini tangu akiwa na miaka mitano, na alipofika saba alikuwa akilitaja gurudumu bovu kabla baba hajafungua mdomo, jambo lililomkera msimamizi wa karakana, mtu wa suti moja na maoni mengi, ambaye alimfukuza pale akisema karakana si mahali pa mtoto wa kike. Gurudumu alilolitaja siku hiyo liliachwa liende zake, behewa likalala chali kwenye kona ya pili, magunia ya saruji yakapasuka bondeni, na msimamizi akaandika kwamba chanzo ni mvua, ingawa mvua haikuwa imenyesha kwa wiki tatu. Huyo alikuwa mkubwa wa kwanza mwenye masikio ya urembo kukutana naye maishani, na laiti angekuwa wa mwisho, historia hii ingekuwa fupi.

Alianza shule ya msingi Januari 1964 na kumaliza 1970, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana kuanzia 1971 hadi 1976, ambako mwalimu wa hesabu, mtu aliyeamini kwamba kichwa cha msichana kimeumbwa kwa ajili ya kubebea ndoo, alimpa alama sifuri kwa swali alilolipata, kwa sababu alilipata kwa njia ambayo mwalimu hakuijua. Aliingia chuo kikuu Oktoba 1977, akahitimu shahada ya fizikia mwaka 1981, akafundisha sekondari miaka miwili, kisha akaenda ng'ambo kwa masomo ya juu kuanzia 1983 hadi 1987, akarudi na shahada ya udaktari katika fani ya kupiga picha chini ya bahari kwa kutumia sauti.

Kwa wale mliokuwa mkisema mitaani kwamba alisomea samaki, familia inafafanua, na itafafanua mara moja tu. Meli hukokota mizinga ya hewa inayopiga maji kishindo, kishindo kinashuka, kinapita kwenye maji, kwenye matope, kwenye mwamba, na kila tabaka linapobadilika sehemu ya sauti inarudi juu kama mwangwi, unadakwa na vinasa sauti vilivyofungwa kwenye kebo ndefu nyuma ya meli, kisha mtu mwenye subira anakaa mbele ya kompyuta kwa miaka, anapanga mwangwi juu ya mwangwi mpaka inatoka picha ya matumbo ya ardhi, kama ile ambayo daktari humpiga mama mjamzito. Alichokuwa akikitafuta ni hiki: sakafu ya bahari yetu ni bamba moja kubwa, linazama chini ya bamba hili tulilojengea nyumba zetu, linakwenda taratibu kama kucha inavyoota, lakini mahali fulani mabamba hayo yamekwamana, la juu linapinda mwaka hadi mwaka kama rula iliyobanwa ukingoni mwa meza, na siku litakapoachia ndiyo siku ya tetemeko kubwa, sakafu ya bahari inaruka, na maji yaliyo juu yake hayana pa kwenda isipokuwa kwetu. Yeye aliuliza pamekwama wapi na panateleza wapi. Basi. Hapakuwa na samaki.

Aliajiriwa katika ofisi ya uchunguzi wa ardhi tarehe 2 Februari 1988, akapewa meza kwenye ujia, kati ya mlango wa choo na kabati la mafaili, meza ambayo mguu wake mmoja ulikuwa matofali mawili, na wenzake, badala ya kumuita daktari kama walivyoitana wao kwa wao, wakamuita Mama Mwangwi, wakidhani ni tusi. Alilipenda. Alianza kulitumia kusaini. Naye hakuwa na deni nao la majina, kwani mkurugenzi wa ofisi hiyo, ambaye leo ni mwenyekiti wa bodi na ambaye tunamwona pale mbele akijipepea kwa ratiba ya mazishi, marehemu alimpa jina la Mkasi, kwa kuwa katika miaka yote aliyofanya naye kazi hakuwahi kumwona ameshika kifaa kingine chochote zaidi ya mkasi wa kukatia utepe.

Ndoa yake ilifungwa Ijumaa, tarehe 8 Desemba 1989, na mwenzi wake alikuwa fundi wa majokofu aliyeitwa ofisini kutengeneza jokofu la Mkasi, kifaa pekee katika jengo lile kilichotengenezwa siku hiyo hiyo kilipoharibika. Alikuta mwanamke kwenye ujia ambaye, bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi zake, alimwambia kwamba mota ni nzima na kilicholegea ni skrubu ya chini upande wa kushoto, na alipofungua akakuta ndivyo, akarudi kwenye ile meza ya matofali akamwambia, "Dada, siku ukichoka na mawe yao, njoo kwangu." Familia ilimpokea shemeji kwa mikono miwili, alikuwa mtu wa maneno machache na vidole vya kudumu kwenye grisi, naye alimwamini mkewe kwa jambo lolote linalohusu kipimo. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa 1990, ambaye ni muuguzi, na wa kiume aliyezaliwa 1993, ambaye ni mwalimu wa jiografia.

Mwaka 1994, kuanzia tarehe 3 Mei hadi tarehe 2 Juni, alikaa siku thelathini na moja ndani ya meli ya utafiti iliyopita kwenye bahari yetu na kebo ya kilomita sita, akitapika kila asubuhi na kufanya kazi kila mchana, akiwa ameacha mtoto wa mwaka mmoja mikononi mwa bibi yake, na majirani wawili, ambao wamo humu ndani na hatutawatazama, walipita nyumba kwa nyumba wakisema mwanamke mwenye akili zake hamwachi mtoto aende kusikiliza matope. Alirudi na masanduku ya kanda za kompyuta, akazichambua miaka mitano kwenye mashine iliyokuwa ikizimika kila mara mtu wa ghorofa ya chini alipowasha birika, na tarehe 11 Oktoba 1999 akawasilisha ripoti ya kurasa 212.

Ripoti ilisema hivi, na tunaisoma kwa kifupi kwa kuwa wengi mlioshiba kwa jina lake hamjawahi kuifungua: kwamba chini ya bandari na mtaa wa chini, kwa urefu wa kilomita tisini, mabamba yamekwamana barabara, kwamba hakuna maandishi yanayokumbuka lini yaliachia mara ya mwisho, kwamba siku yenyewe haijulikani na asiyejua asidanganye, na kwamba kabla ya siku hiyo shule ya mtaa wa chini na wodi ya wazazi zihamishiwe mlimani. Mkasi alisikiliza nusu saa huku akikata kucha, kisha akauliza, "Kwa hiyo, mama, miaka mitano umepiga picha ya matope?" Ukumbi ukacheka. Aliyecheka zaidi, kwa sauti iliyofika hadi ujia, alikuwa msaidizi wake mwenyewe, kijana aliyefundishwa na marehemu kusoma picha zile mstari kwa mstari, ambaye wiki iliyofuata alipewa kazi ya kuifupisha ripoti, akazikata kurasa 212 zikabaki mbili, na katika kila sentensi akapandikiza neno "huenda", huenda pamekwama, huenda patatikisika, huenda panafaa kuangaliwa, mpaka ikawa karatasi isiyoweza kumwamsha hata mwenye usingizi wa paka. Mwaka uliofuata alipandishwa cheo. Marehemu alimpa jina la Bwana Huenda, nalo limemganda hadi leo, akiwa sasa ni mkurugenzi.

Alipoona kwamba ofisi imelala, na kwamba haikulala kwa uchovu, marehemu alikwenda mwenyewe shuleni mtaa wa chini, Februari 2000, akakaa na mwalimu mkuu, mama mmoja mkavu wa maneno aliyefanana naye tabia, wakapanga pamoja. Kwa picha zake alikuwa amehesabu kwamba wimbi lingefika mita tano, kwa sababu ncha ya bamba, kule mbali baharini, ilionekana kuwa matope laini, na matope laini, ndivyo yalivyosema mafunzo ya wakati ule, hayashiki nguvu na hayaruki. Akaongeza mita mbili za tahadhari. Shemeji akachukua kopo la rangi nyekundu na brashi, akachora mstari kwenye ukuta wa ngazi za posta na mwingine kwenye ukuta wa ngazi za soko, mita saba juu ya bahari, mstari ulionyooka kama kazi zake zote, na watoto wakafundishwa kwamba ardhi ikitikisika mpaka ukahesabu sitini, usingoje king'ora, usingoje mzazi, panda hadi kwenye mstari. Walifanya zoezi hilo kila muhula. Watu wazima walisimama vibarazani wakicheka, wakiuliza kama siku hiyo bahari imetoa taarifa, na ofisi, iliyokosa mafuta ya kumpeleka mtaani, haikukosa wino, ikamwandikia barua ya onyo tarehe 17 Juni 2003 kwa kuzua taharuki, ikamhamishia kwenye stoo ya sampuli za mawe, chumba kisicho na dirisha, ambako alikaa miaka sita na, kwa maneno yake, alipata kwa mara ya kwanza wafanyakazi wenzake wenye msimamo.

Jumatano, tarehe 19 Agosti 2009, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, bamba liliachia. Marehemu alikuwa stoo, sampuli zikimwangukia mabegani, akihesabu. Alifika sitini, akafika mia, akafika mia moja na hamsini, na ardhi ilikuwa bado inakwenda na kurudi, polepole, kama mtu anayesukuma kitanda cha mgonjwa, na ni huo upole uliomtia baridi, kwa kuwa mwamba mgumu hautikisiki hivyo, akajua kwamba ncha ya bamba imeruka nayo, yale matope aliyoyaandika kwamba hayataruka, na kwamba mita saba hazitoshi. Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Alishuka mlima akikimbia, viatu mkononi, huku mji mzima ukipanda, akipishana na Mkasi aliyekuwa ndani ya gari la ofisi, peke yake na viti vinne vitupu.

Kwenye ngazi za posta alikuta watoto 412 wamepangwa kwa madarasa juu ya mstari mwekundu, watulivu, wakihesabiwa na walimu wao, kama walivyofundishwa. Aliwaambia waendelee kupanda mpaka kwenye tangi la maji. Mwalimu mkuu alimtazama, akamuuliza, "Mama, si wewe uliyesema hapa panatosha?" Naye akajibu, "Nilikosea. Panda, mwalimu." Hakuulizwa tena. Watoto walipanda, wadogo wakashikwa mikono na wakubwa, na wa mwisho alikuwa amekanyaga simenti ya tangi wakati maji yalipopita juu ya mstari, yakapanda, yakaendelea kupanda, yakafika mita kumi na moja, yakisukuma milango, mashua na paa la shule yenyewe.

Mtu mmoja hawezi kusimama kwenye ngazi mbili. Kwenye ngazi za soko, upande wa pili wa mtaa, watu wengi walipita mstari wakaendelea na mbio, lakini wazee, waliobeba watoto na waliochoka walitua pale, na aliyewatuliza alikuwa shemeji yetu, aliyetoka karakana yake ya majokofu akiwa amembeba bibi mmoja mgongoni. Habari hii tumeipata kwa fundi viatu wa sokoni, ambaye amekubali itajwe. Yeye hakutua, kwa sababu alimdharau marehemu miaka yote na aliapa hatasimama mahali palipowekwa na mwanamke anayeongea na mawe, akapanda hadi juu kwa ubishi tu, na ubishi ukamwokoa, lakini alipopita alimsikia shemeji akiwaambia wale waliokaa, "Pumzikeni hapa. Mke wangu amepima mwenyewe." Watu thelathini na saba walifia kwenye mstari ule. Shemeji alikuwa wa thelathini na saba kupatikana, siku ya nne, na bibi yule alikuwa naye.

Ndugu waombolezaji, katika miezi iliyofuata marehemu hakulia mbele ya mtu yeyote, na waliokuja kumpa pole wakamwambia kwamba ni mipango, kwamba asijilaumu, kwamba ameokoa watoto mia nne, aliwatazama kwa dharau ile ile aliyowahi kumtazamia Mkasi, na safari hii sehemu kubwa ya dharau ilikuwa juu yake mwenyewe. Alichukua brashi na rangi nyeupe, akaufuta ule mstari wa ngazi za soko kwa mkono wake, akichukua muda mrefu, na hakutaka kusaidiwa. Tarehe 4 Desemba mwaka huo huo, katika ukumbi uliopambwa kwa vitambaa, Mkasi alisimama kueleza jinsi ofisi yake ilivyotabiri na kuelimisha umma, akataja ripoti ya kurasa 212 kana kwamba ameizaa yeye, kisha akamwita marehemu mbele avalishwe nishani. Alikwenda. Aliipokea, akaiweka juu ya meza pasipo kuivaa, akashika kipaza sauti, akasema maneno ambayo wapo humu wanaoyakumbuka vizuri kuliko wanavyopenda: "Mstari ulikuwa wangu, na kosa la mstari ni langu. Ripoti mliificha ninyi, na kosa la kuificha ni lenu. Tusichanganye." Akashuka, akatoka kwa mlango wa pembeni, akaenda nyumbani kupika, kwa kuwa watoto walikuwa hawajala.

Waliosema amekwisha walikosea. Alidai kurudishwa kazini kwenye picha, na kwa kuwa wakati huo magazeti yalikuwa yakimtafuta, hakuna aliyethubutu kumrudisha stoo. Mwaka 2012, kuanzia tarehe 9 Aprili, alipanda tena meli ya utafiti, akiwa na miaka hamsini na mitano, akatapika tena kila asubuhi, wakapitisha kebo juu ya ile ncha ya bamba mstari baada ya mstari, na safari hii picha ikaonyesha kile ambacho picha za 1994 hazikuwa na macho ya kukiona, kwamba ndani ya matope kuna utando mwembamba wa udongo wa mfinyanzi, utelezi kama sabuni, na kwamba mpasuko ukitoka chini kwa kasi na kuukuta utando huo, hausimami, unateleza nao hadi mwisho. Machi 2014 alichapisha makala yenye kichwa cha neno moja, "Nilipokosea", na ndani yake akaweka hesabu yake ya zamani, na dhana aliyoiamini bila kuijaribu, na idadi ya waliokufa, thelathini na saba, kama sehemu ya matokeo. Wataalamu wa nchi nyingi zenye bahari kama yetu wameisoma, na wengine wameinua mistari yao kwa ajili hiyo. Katika ofisi yake ilipokelewa kwa ukimya, kwa kuwa ni watu wasiojua la kufanya mbele ya mtu anayekiri kosa, hawajawahi kumwona hata kwenye kioo.

Shule na wodi ya wazazi zilihamia mlimani Septemba 2016, miaka kumi na saba baada ya kurasa 212, na utepe ulikatwa na mnayemfahamu. Marehemu alialikwa, akafika, akasimama nje ya uzio akila karanga, akaondoka hotuba zilipoanza.

Alistaafu Machi 2017, lakini hakuacha kusoma mwangwi, safari hii kwenye meza ya chakula, akiwa na mwanawe wa jiografia, na Januari 2022 alipeleka ofisini ripoti yake ya mwisho, ya kurasa 88, isemayo kwamba mwaka 2009 hapakupasuka pote, kwamba upande wa kaskazini, kwa urefu wa kilomita sitini chini ya mji wa pili, mabamba bado yamekwamana, na kwamba utando wa sabuni upo huko pia. Ofisi ilithibitisha kuipokea. Hilo tu ndilo ililofanya.

Maumivu ya tumbo yalimwanza Agosti 2022, na tarehe 21 Novemba madaktari wakathibitisha saratani ya kongosho. Alitaka kuona picha mwenyewe, akamwonyesha daktari doa la pili ambalo daktari hakuwa ameliona, na kuanzia hapo hakuna aliyemficha kitu. Tarehe 30 Mei mwaka huu, akiwa amelazwa, alitembelewa na Bwana Huenda, aliyekuja na pakiti ya juisi na uso wa mazishi kabla ya wakati. Marehemu alimuuliza ripoti ya kaskazini iko wapi. Akajibu kwamba huenda iko kwenye bodi. Akaambiwa akilitamka neno hilo tena atoke. Binti yake muuguzi, aliyekuwa akibadilisha dripu, anaeleza kwamba yule bwana alisema kwamba mwaka tisini na tisa aliziona picha zile, alijua ni kweli, na alizifupisha kwa kuhofia nafasi yake. Marehemu akamwambia, "Mimi nilikosea kwa kutojua. Wewe ulijua ukanyamaza. Sasa sema, kati yetu nani ana haki ya kuletewa juisi?"

Bwana Huenda alitoka. Wengi wetu tungedhani hatarudi. Kesho yake, tarehe 31 Mei, saa nane mchana, alirudi na kurasa zote 88, akaomba kalamu, akazisaini kama mkurugenzi juu ya meza ya dawa, kwamba ofisi inazikubali zote bila kupunguza, na kwamba mji wa kaskazini uarifiwe. Marehemu alikagua saini ile ukurasa kwa ukurasa, kama mtu anayechambua mchele wenye mawe, na hakumshukuru. Alimwambia amefanya kazi yake, na amechelewa miaka ishirini na minne. Kisha akamruhusu amshushie mto.

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 6 Juni 2023, saa tisa alasiri, akiwa na miaka sitini na sita, watoto wake wote wawili wakiwa kando ya kitanda chake. Ameacha watoto hao, wajukuu watatu, na ndugu wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba sita, waliomwambia ukweli kila alipouuliza. Inawashukuru majirani, wale waliopika, waliochota maji, waliokaa naye, na wale wengine pia, kwa kuwa uvumi wao ulimpa nguvu asubuhi nyingi. Inamshukuru mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya mtaa wa chini, na fundi viatu, ambaye kwa miaka kumi na minne amekuwa akimtengenezea marehemu viatu bila wao wawili kusalimiana. Inawashukuru wafanyakazi wenzake marehemu, idadi yao ni mmoja, mwendesha kebo wa meli ya pili, aliyesafiri siku mbili kufika hapa. Ofisi imetuma shada la maua, tumeliona.

Mwisho, ninyi ndugu mliokuja kwa mabasi kutoka mji wa kaskazini kumzika mama aliyewahi kuja kwenu mara tatu na kufukuzwa mara mbili, msiondoke mikono mitupu. Mtu mnayemwona amesimama getini, mwenye suti ya kijivu na maboksi mawili miguuni, ndiye mkurugenzi, na ndani ya maboksi mna nakala za ripoti, kila familia ichukue yake, ukurasa wa 71 una ramani, na mistari yenu iko mita kumi na nane. Mheshimiwa mwenyekiti wa bodi, nakala yako iko huko huko getini, utapanga foleni na wengine.

Dada, pumzika kwa amani, ile ambayo hukuwaachia wazembe ulipokuwa hai, na sisi hatutawaachia kwa kuwa umelala.